Siku moja maishani mwangu: mshauri nasaha wa chuo

Saa 1:00 asubuhi. Naanza na daftari la walinzi wa usiku. Kijana wa mwaka wa kwanza alikutwa ngazini, amelewa hajitambui. Wenzake walimmwagia maji ya baridi, wakamnywesha kahawa, kisha wakamwacha alale. Ameamka salama, namshukuru Mungu, lakini mikono inanitetemeka nikisoma. Ini huondoa takriban kipimo kimoja cha pombe kwa saa, na kahawa haiharakishi kitu. Mbaya zaidi, pombe iliyobaki tumboni huendelea kuingia kwenye damu hata mtu akishazima.

Saa 3:00. Kijana mwenyewe amekuja, macho chini. Tunajaza pamoja maswali 10 ya AUDIT, ya kupima unywaji wa pombe, yaliyotayarishwa na Shirika la Afya Duniani. Alama 8 kwenda juu ni dalili ya hatari. Yeye ana 14. Simhubirii. Namuuliza pombe inampa nini, na imemnyang'anya nini.

"Mwalimu, hapa kila mtu anakunywa."

"Chumbani kwenu mko wangapi?"

"Sita."

"Wanaokunywa?"

Akahesabu kwa vidole. Wawili, yeye akiwamo. Akanyamaza kwa muda mrefu. Wanafunzi wengi hudhani wenzao wanakunywa zaidi kuliko ilivyo kweli, na dhana hiyo ndiyo inayowavuta.

Saa 5:00. Kikao cha uongozi. Nimeomba tena kanuni moja tu: anayeita msaada kwa ajili ya mwenzake asiadhibiwe, wala mgonjwa mwenyewe. Nikaambiwa hiyo ni kulea ulevi. Sikubali. Wale vijana wa jana hawakukosa huruma, waliogopa kusimamishwa masomo. Tumeahirisha.

Saa 8:00. Mafunzo kwa viongozi wa mabweni. Tumelazana chini kwa zamu, kama anavyolazwa mlevi aliyezima: ubavuni, goti limekunjwa, kichwa kimerudishwa nyuma kidogo na mdomo ukielekea chini ili matapishi yasizibe koo. Akipumua chini ya mara 8 kwa dakika, usisubiri. Nimewaonyesha pia nalokisoni ya kupuliza puani, inayozuia athari za dawa za jamii ya afyuni kama heroini. Haiondoi pombe, na nguvu yake yaweza kuisha kabla ya ile ya heroini yenyewe, kwa hiyo hospitali ni lazima. Tukamalizia na jinsi ya kuzuia vurugu: ukiona mtu anamburuta binti aliyelewa kuelekea chumbani, si lazima upigane. Muulize binti simu yake iko wapi, mwite rafiki yake, vunja ile hali.

Saa 11:00. Binti mmoja, mlango umefungwa. Yaliyosemwa ni yake. Nilimwambia namwamini. Sikumuuliza alivaa nini wala kwa nini alikwenda. Dawa za kuzuia VVU huanzwa ndani ya saa 72 tangu mtu abakwe, mapema ndiyo bora, kwa hiyo nilimsindikiza zahanati mwenyewe, na kama atashtaki ataamua yeye.

Saa 4:20 usiku. Simu, namba nisiyoijua.

"Mwalimu, kuna mtu huku amezima. Tumemlaza ubavu. Jina langu sisemi."

"Sihitaji jina lako. Gari la wagonjwa naliita sasa hivi. Mko bweni gani? Hesabu anavyopumua, usikate simu."

Nikamsikia akihesabu, moja, mbili, huku mimi natafuta viatu gizani.