Nilivyoupata ugonjwa wa feni ya Corolla langu

Gari langu lilichemkia Kigongo, kwenye foleni ya pantoni, mshale wa temprecha ukiwa haujafika hata nusu. Kuchemka kwenyewe hakukunitisha kama mshale ule uliotulia. Nilisikia kwanza harufu ya utamutamu ya kulanti, kisha mvuke ukaanza kutoka pembeni mwa boneti. Dereva wa Fuso lililokuwa nyuma yangu akashuka mbio: "Dada, zima gari! Na usiguse mfuniko wa rejeta!"

Hii ilikuwa kabla Daraja la Kigongo–Busisi halijafunguliwa Juni 2025. Ukitaka kwenda Sengerema unapanga foleni, unasogea kidogo, unasimama, unasogea tena. Nyuma nilikuwa na marobota mawili ya vitenge vya mnada. Nilikaa kwenye kivuli cha lile Fuso nikiangalia pantoni mbili zikiondoka bila mimi.

Corolla langu ni la 1994, injini ya 5A-FE, na kabla yangu limepita mikononi mwa watu ambao siwajui wote. Kwa miezi kadhaa lilikuwa likipandisha joto kwenye foleni ya Mabatini na ya Buzuruga, hapa Mwanza, lakini nikitoka mjini nikashika barabara ya Usagara, mshale unashuka wenyewe. Leo najua kwamba jibu lilikuwa hapo hapo. Gari linalopata moto likisimama na kupoa likikimbia, mtu aanze na feni, kwa sababu likiwa kwenye mwendo upepo wa barabarani unapita kwenye rejeta na kufanya kazi ya feni. Lingechemka kwenye mwendo, hapo ningefikiria rejeta iliyoziba, themostati (vali inayoruhusu maji kwenda kwenye rejeta) au pampu ya maji.

Fundi wa kwanza hakuuliza linachemka wapi. Alisema "sensa imekufa", akafunga nyingine kwa shilingi 25,000, mshale ukashuka, nikamshukuru. Wa pili, baada ya Kigongo, alisema mota ya feni imeungua. Nikanunua mota ya mtumba. Alipomaliza kuifunga haikuzunguka, akaniambia itazunguka ikipata moto. Nililipa.

Jioni ile nilikaa kwenye kibaraza nikaamua kwamba sitoi shilingi nyingine mpaka nijue ninachonunua. Kijana wa jirani yetu pale Nyakato anasoma umeme wa magari. Nilimwita Jumamosi asubuhi. "Shikamoo mama. Leo sifungui kitu," alisema, "leo tunapima tu." Alikuja na mita, vipande viwili vya waya na fyuzi. Nilimpenda kwa neno lile.

Tulianza na mota. Tukachomoa plagi yake, tukaipa umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri, waya wa chanya ukipitia kwenye fyuzi. Ikazunguka kwa nguvu. Nikaleta na ile ya zamani niliyoambiwa imeungua. Nayo ikazunguka. Nilinyamaza kidogo hapo.

Basi kama mota ni nzima na fyuzi ni nzima, nani anaizuia feni? Kijana akaniambia jambo ambalo sikuwahi kulisikia kwa fundi yeyote. Kwenye Toyota nyingi za miaka ile, swichi ya feni inafanya kazi kinyume na tunavyofikiria. Injini ikiwa ya baridi swichi inaunganisha, umeme unapita kwenye koili ya rilei (swichi inayovutwa na umeme), na rilei ikivutwa inaukata umeme wa feni. Maji yakifika karibu nyuzi 93 swichi inaachia, koili inalala, ndipo feni inapata umeme. Yakipoa hadi chini ya nyuzi 83 inaunganisha tena na feni inasimama. Faida yake ni kwamba waya wa swichi ukikatika safarini, feni inazunguka muda wote na injini inasalimika. Kwa hiyo kipimo ni rahisi: chomoa plagi ya swichi ya feni, washa ufunguo bila kupiga stata, feni izunguke. Vidole viwe mbali, maana inaanza ghafla.

Kazi ikawa kuijua swichi yenyewe ni ipi. Kwenye injini yangu kuna vidude vitatu vya shaba vilivyozama kwenye njia za maji, na kwa macho ya mtu kama mimi vilikuwa ndugu wa tumbo moja.

Cha kwanza kina waya mmoja tu. Hicho ni cha mshale wa dashibodi na hakina kazi nyingine yoyote. Hakiwashi feni, hakiongei na kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini. Waya wa pili hakihitaji kwa sababu negativu yake inapitia kwenye nyuzi zake za kufungia, zinazogusa chuma cha injini. Tulipouchomoa ule waya na kuugusisha kwenye bodi kupitia balbu ndogo, ufunguo ukiwa umewashwa, mshale ukapanda. Tukakifungua. Kumbe fundi wangu wa kwanza alikuwa amekizungushia tepu nyeupe ya mabomba, tabaka juu ya tabaka, ili maji yasivuje. Tepu ile ilikuwa inaizuia negativu. Kidude hiki kadiri kinavyopata moto ndivyo ukinzani wake unavyopungua. Ukiuongeza ukinzani kwa tepu, mshale unadhani injini ni ya baridi. Ndiyo maana Kigongo ulinidanganya. Nilikuwa nimelipa shilingi 25,000 kuzibwa macho.

Cha pili kina waya mbili na plagi ya kijani. Hiki kinaiambia kontroli boksi joto la maji ili ipange mafuta. Kikifa, gari linasumbua kuwaka asubuhi au linakula mafuta, lakini mshale wako hautasema kitu. Asubuhi ile, injini ikiwa imelala usiku kucha, mita ilisoma ohmu 2,300. Tulipoiacha injini ingurume kidogo, namba zikawa zinashuka taratibu, zikafika 300 na kitu. Kwa nyuzi 20 zinatakiwa ziwe kati ya ohmu 2,000 na 3,000, kwa nyuzi 80 kati ya 200 na 400. Kilikuwa kizima. Kijana akaunganisha pia tundu la TE1 na la E1 kwenye kile kiboksi cheusi cha vipimo chini ya boneti. Taa ya cheki injini ikawa inapepesa sawasawa bila kusimama, yaani hakuna kosa lililohifadhiwa. Sensa hii ingekuwa imekatika ingepepesa mara mbili, ikapumzika, ikapepesa mara mbili tena: namba 22.

Cha tatu tulikipata kwa kuifuata hozi ya chini ya rejeta mpaka inapoingia kwenye injini, kwenye nyumba ya themostati. Kwenye magari mengine hukaa kwenye tanki la chini la rejeta. Kilikuwa na pini mbili zilizoshika kutu na hakikuwa na plagi. Waya zake mbili tulizikuta pembeni, zimesokotwa pamoja na kuzungushiwa tepu nyeusi.

Kijana alicheka, kisha akaniangalia usoni akaacha. Hiyo ndiyo "kuunga direct". Kwenye Golf za zamani ukiziunganisha waya za swichi ya feni, feni inazunguka moja kwa moja, na mafundi wengi wamezoea hivyo. Kwenye Corolla langu, kuziunganisha ni kuiambia rilei kwamba injini ni ya baridi siku zote. Aliyefanya vile alitaka kunisaidia, au kumsaidia mwenye gari kabla yangu, na akaifunga feni kabisa. Kiyoyozi, ambacho nacho huiwasha feni, kilishakufa zamani, kwa hiyo hapakuwa na njia nyingine ya kuiamsha.

Tulizitenganisha. Nikawasha ufunguo. Feni ikazunguka.

Swichi yenyewe hatukuiamini hivi hivi. Injini ilipopoa tuliifungua, tukaining'iniza kwenye sufuria ya maji jikoni pamoja na kipimajoto cha maabara nilichoazima, waya za mita zikiwa kwenye pini. Tofauti yake na ile ya plagi ya kijani unaiona hapo: hii haina namba za kushuka taratibu, mita ama inalia (swichi imeunganisha) ama inanyamaza (imeachia). Ililia mpaka nikaanza kuwa na wasiwasi, kwa sababu Mwanza tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari na maji yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, hayafiki 100. Kwenye 92 ikanyamaza. Tulipoepua sufuria, kwenye 84 ikalia tena.

Plagi nilipata kwa wauza spea za mtumba, tukaziunga waya kwa lehemu, tukaondoa tepu nyeupe kwenye kile cha mshale, tukaweka kulanti mpya na kutoa hewa. Nikakata vipande vya kitambaa cheupe, nikaandika kwa kalamu ya wino mzito na kufunga kimoja kwenye kila waya: MSHALE, BOKSI, FENI. Fundi atakayefungua boneti hiyo hana haja ya kubahatisha.

Jumatatu nilikwama Buzuruga saa kumi na mbili jioni, daladala mbele na bajaji kila upande. Nilizima redio nikateremsha kioo. Mshale ulipofika karibu na katikati nikaisikia ikianza kuvuma, ikavuma kama dakika mbili, ikanyamaza, baadaye ikaanza tena.