Kakusaku

Mwaka 2011, ule wa mgao mkali wa umeme, nilikuwa mwaka wa pili chuoni Dar es Salaam nikisoma saikolojia. Kompyuta nilijifundisha mwenyewe, usiku, kwenye laptopu ya mtumba niliyoinunua Kariakoo. Betri yake ilidumu dakika 40 ikiwa na bahati.

Wiki moja mhadhiri wa unasihi alitufundisha Carl Rogers, mwanasaikolojia wa Marekani: usimpe mtu ushauri, mrudishie maneno yake ajisikilize. Akagusia kwa kupita kwamba mwaka 1966 Joseph Weizenbaum wa MIT, chuo cha teknolojia cha Marekani, alitangaza ELIZA, programu ya kompyuta iliyomwigiza mnasihi wa aina hiyo kwa kuchezea maneno tu. Mengine ya kipindi kile sikuyasikia. Nilitaka ELIZA ya Kiswahili.

Kwa Kiingereza kazi ni nyepesi: "I" inakuwa "you", basi. Kiswahili humficha mtu ndani ya kitenzi. "Nimechoka" iwe "umechoka", sawa. Lakini "mama ananichukia" iwe "anakuchukia", na hapo "ni" imekaa katikati. Nikaandika kanuni: "ni" ya mwanzo wa neno iwe "u", nyingine zote ziwe "ku". Nikaijaribu: "Jana nilikwenda kanisani." Ikanijibu: "Kwa nini jana ulikwenda kakusaku?"

Nilicheka peke yangu mpaka jirani akagonga ukuta. Nyumbani ikawa nyumbaku, sokoni ikawa sokoku, na "nini" ikageuka "uku". Wiki nzima iliishia kwenye silabi hiyo moja. Ukanushi ndio ulionyooka mara ya kwanza, "sijui" ikawa "hujui", "sina" ikawa "huna", nikajiona fundi.

Jumamosi jioni binamu yangu, ambaye tulipanga naye chumba Sinza, alirudi kutoka kibandani kwake anakotengeneza simu. Umeme hakuna. Akaketi mbele ya laptopu.

"Dogo, hii ndiyo shule yenu?"

Akaandika kwa vidole viwili: "Nina njaa." Ikamuuliza ana njaa tangu lini. Akacheka sana. Mimi nikatoka kibarazani kupuliza mkaa na kuteleka maji ya ugali. Vicheko vikaisha. Nikawa nasikia vitufe tu, polepole.

Niliporudi kuchungulia, kwenye kioo palikuwa na mstari wake: "Tangu aondoke sina mtu." Chini yake mashine imejibu: "Kwa nini huna mtu?"

Mkewe alikuwa ameondoka mwezi wa pili, na kwetu jambo hilo halikuzungumzwa. Naona haya kusema kwamba kitu cha kwanza nilichokihisi ni furaha: "sina" imegeuka "huna", bila kosa. Hata leo, kazini, nikipitia maswali ya kupima sonona kabla hayajaingizwa kwenye tableti za wahudumu, "kwa nini" ndiyo naifuta kwanza.

Binamu hakuandika tena. Betri ikazima.

"Inauliza kama shangazi," akasema gizani. Kisha: "Wewe msomi ungeniuliza nini?"

Nilitafuta swali kwenye kila nilichofundishwa, sikulipata. Nikaketi sakafuni karibu naye. Baada ya muda akaanza mwenyewe, tangu siku ya posa. Maji ya ugali yalichemka mpaka yakakauka.