"A number of" na "the number of" sio kitu kimoja jamani

Jana nilikuwa napitia ripoti ya Kiingereza nikakwama kwenye kitu kidogo tu, "a number of". Wengi wakiona number wanajua ni umoja basi wanaandika "a number of students has", kumbe hapana, ni "have", maana hapo unawaongelea wanafunzi wenyewe, yaani wanafunzi kadhaa. Ila ukiweka "the" mambo yanageuka, sasa unaongelea idadi, na idadi ni moja, kwa hiyo inarudi "has". Kineno kimoja tu hicho! Halafu mi kwenye ripoti hiyo "a number of" hata siipendi sana, kadhaa ndo wangapi, watatu au mia tatu? Kama hesabu unayo we iandike tu.