Jinsi mafuta yangu ya kukaangia yaliyotumika yalivyokubaliwa kutengenezea mafuta ya ndege

Mafuta ninayoyakusanya majikoni sasa yanapokelewa na kiwanda cha mafuta ya ndege bila kurudishwa, nami ninajivunia hilo, kwa sababu nilianza na ushauri mbovu. Mzoefu mmoja wa biashara hii aliniambia kwamba kuchuja kwa kitambaa kizito kunatosha. Kitambaa huzuia makombo tu. Maji na chumvi hupita, na shehena yangu nzima ilikataliwa mlangoni ingawa iling'aa kama asali.

Kiwanda kilikuwa na haki. Mafuta hayo hukutanishwa na haidrojeni kwenye joto kali na mgandamizo mkubwa, pamoja na kichocheo, yaani kitu kinachoharakisha mabadiliko ya kikemikali, ili oksijeni iondolewe. Kisha minyororo ya molekuli hukatwa na kutiwa matawi, kwani mafuta ya ndege ya aina ya Jet A-1 hayaruhusiwi kuganda kabla ya nyuzi 47 chini ya sifuri. Chumvi hula mabomba, fosforasi huua kichocheo, na maji yanayokaa pipani huyavunja mafuta na kuongeza asidi.

Kilichonisaidia ni joto na subira. Ninapasha pipa hadi nyuzi 60 hivi, ninaliacha litulie usiku kucha, kisha ninafungua koki ya chini taratibu: hutangulia maji machafu yanayonuka uchachu, hufuata tope jeupejeupe, halafu huja uzi mwembamba wa mafuta safi, na hapo ndipo ninapofunga. Anayefunga mapema kwa kuonea uchungu mafuta yake hubaki na tope lilelile. Baadaye ninadondosha tone dogo kwenye kikaango chenye moto, uso ukiwa mbali. Likitatarika, maji bado yamo, na likitambaa kimya, pipa liko tayari. Gharama ya kupasha ni ndogo mno kuliko nauli ya shehena iliyokataliwa.

Msiwasikilize wanaosema mtengeneze biodizeli kwa methanoli na kostiki soda mkaiuze kwa ndege, kwa maana biodizeli huhesabiwa kuwa uchafu ndani ya mafuta ya ndege. Njia ya haidrojeni ndiyo iliyoidhinishwa mwaka 2011, tena kwa kuchanganywa na mafuta ya kawaida hadi asilimia 50. Vilevile, kila jiko liwe na chombo chake mpaka kipimwe, kwa sababu kopo moja la oili chafu ya injini linaweza kuharibu tangi zima.