Picha za watu wa Lamu: yaliyonipata mimi na kamera yangu

Mimi ni mtu wa Tanga, na nilipovuka mpaka wa Horohoro kwenda Lamu kwa siku tisa, nikiwa na kamera mpya yenye lenzi ndefu, sikujihesabu kuwa mgeni. Kiswahili nimezaliwa nacho, buibui navaa, mahamri kwa mbaazi ndiyo kifungua kinywa changu. Nilidhani mambo hayo yananipa ruhusa ambayo Mzungu aliyevaa kaptula hana. Asubuhi ya kwanza tu ilitosha kunitoa katika dhana hiyo.

Usita wa Mui, njia kuu ya Mji Mkongwe, ni mwembamba kiasi kwamba punda akipita na shehena yake watu hubanana ukutani. Nilisimama kwenye kona, hatua kama kumi na tano kutoka baraza moja, nikamlenga mzee aliyekuwa akishona kofia. Mikono yake ilivutia sana: sindano ilizama na kuibuka ukingoni mwa kitundu kisichozidi punje ya mtama, na kila baada ya mishono michache aliukaza uzi kwa ncha ya ukucha. Kamera ilipolia mara ya tatu, aliinua kofia ile ile akajifunika uso, akakaa hivyo bila kusema neno mpaka nikaingiwa na haya. Nilipokaribia ili niombe radhi, kijana aliyeketi kando yake ndiye aliyenijibu: "Dada, hata shikamoo hukumpa."

Neno hilo lilinichoma kwa sababu nalijua kwa upande wa pili. Marehemu mama yangu alikuwa akichoma vitumbua karibu na stendi, na watalii walimpiga picha akiwa na jasho na kanga yake ya jikoni, wakacheka wenyewe kwa wenyewe, wakaenda zao. Haikurudi hata picha moja. Mama alizoea kusema kwamba huko Ulaya iko nyumba ambayo yeye ametundikwa ukutani, ila hajui ni sebuleni au chooni.

Basi nikaiondoa kamera shingoni, nikaitia ndani ya kikapu cha ukili, na kwa siku mbili sikupiga picha ya mtu yeyote. Nilipiga milango iliyonakshiwa, Ngome na mashua. Tangu mwaka 2001 Mji Mkongwe wa Lamu umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, na nadhani hapo ndipo wengi wetu tunapoghafilika, tukamchukulia aliyeketi barazani kuwa naye ni sehemu ya jengo lililoorodheshwa. Kila asubuhi nilipita kwa yule mzee, nikamwamkia, nikamuuliza hali ya nyumbani, nikaendelea na safari yangu. Siku ya tatu ni yeye aliyeanza: "Mwanangu, ule mzinga wako uko wapi leo?"

Niliutoa. Kwanza nilimwonyesha kwenye kioo zile picha tatu za wizi, nikazifuta mbele yake. Kisha akakubali kupigwa, kwa sharti kwamba kazi aiweke chini, aletewe koti lake na aketi wima kama mtu aliyekwenda studio. Nikubali kusema ukweli wa fundi: picha hiyo ni kavu, haina hata nusu ya uhai wa zile nilizofuta. Lakini sura ni yake, na huyo aliyevaa koti ndiye mtu aliyetaka watu wamwone. Sikumlipa kwa picha, kwa kuwa niliona pesa ingegeuza ridhaa kuwa biashara. Kofia niliinunua, tena bila kuvutana bei.

Gatini mambo yalikuwa magumu zaidi. Wachukuzi waliokuwa wakipakua mifuko ya saruji walikuwa na mikono yote miwili kichwani, kwa hiyo hata wangetaka kujifunika uso wasingeweza, na mtu aliyelemewa na mzigo huwezi kumsimamisha umwombe ruhusa. Niliamua kuwapiga kwa nyuma tu, migongo na nyayo, pasionekane sura. Kwa watoto sikuwa na mjadala. Wao wenyewe hukimbilia mbele ya lenzi wakipiga makelele, ila furaha ya mtoto siyo idhini ya mzazi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi, na mwaka 2023 kamishna wa data aliitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini hiyo. Mimi si shule, lakini nilimtafuta mama kwanza, na asipopatikana, picha haikupigwa.

Siku ya saba nilialikwa kwenye nyumba ya arusi, upande wa wanawake. Pale bibi mmoja, hina mbichi ikiwa bado inakauka viganjani mwake, aliniomba mwenyewe nimpige akiwa kichwa wazi, nywele zake nyeupe zimesukwa na kupambwa asumini. Akaniambia: "Iwe yangu na yako, isitoke." Nilimwahidi kabla sijafikiria ugumu wake. Picha ya mzee niliichapa pale pale mjini, akaipokea, akataka nakala ya pili ya kumpelekea binti yake Mombasa. Ya bibi nilishindwa, maana mwenye duka la kuchapa alikuwa mwanamume, na kumpa kadi yangu kungekuwa ndiko kuitoa.

Nikarudi nayo Tanga. Shoga yangu mmoja ana printa nyumbani. Tulichapa nakala mbili mlango ukiwa umefungwa, nikaifuta kwenye kadi, moja nikaitia ndani ya bahasha mbili na kumkabidhi mwanamke aliyekuwa akienda Lamu. Nyingine imo sandukuni mwangu, chini ya kanga. Mume wangu anajua ipo, na hajaiona.