Blynai za viazi hapa kwetu Amu, na ule wanga wa chini ya bakuli

Tangu nianze kupika nyumbani bulviniai blynai, yaani vichapati vya viazi vilokunwa vya nchi ya Lithuania, kila anayeonja aniuliza lilelile, "hizi si bhajia za viazi?" Sio, tena ziko mbali kabisa, na leo nataka nieleze vizuri manake hiki chakula nakipenda sana na naona chastahili kupikwa vile Walithuania wenyewe wanavokipika, sio kila kitu tukishike tukitie bizari na pilipili bas kiwe chetu.

Alonifundisha ni mama mmoja wa Kilithuania alokuwa amepanga nyumba Mkomani, na kitu cha kwanza alichouliza ni greta, viazi hata hakuvitazama bado. Ule upande wa matundu makubwa tunaokunia karoti haufai, utapata nyuzinyuzi. Unautaka ule wa matundu madogo wenye miiba, ambao wengi wetu hatuugusi, huo ndo unakisaga kiazi kikawa kama uji mzito. Ni kazi jamani, mkono unachoka na vidole viko hatarini, ndo maana kwao majumba mengi yana mashine ya umeme ya kukunia viazi. Blenda sikushauri, mara nyingi inataka maji ndo izunguke vizuri, na hapa maji ndo tunayapiga vita.

Kilo moja ya viazi, kitunguu kimoja cha kiasi, yai moja au mawili, unga wa ngano vijiko viwili vitatu vya mezani, chumvi kijiko cha chai na pilipili manga kidogo. Bas. Hakuna kitunguu thomu, hakuna dania. Najua mkono unawasha kutia kitu, lakini tafadhali mara ya kwanza usitie, hii ni ladha ya kiazi chenyewe na ukiifunika hutaijua.

Viazi chagua vigumu vilokomaa, vyenye unga. Vya kwetu vimetoka bara huko kwenye baridi, vikapigwa lori mpaka Mokowe kisha vikavushwa kwa chombo, kwa hivo vingine vikifika sokoni vishalegea au vishaanza kuota, na vile vyenye ukijani waachie wenyewe.

Kitunguu kikune kwanza, kisha viazi uvikunie humohumo juu yake ukichanganya. Manake kiazi kikipasuliwa kikakutana na hewa, vimeng'enya vyake vinakigeuza rangi, mara waridi, mara kijivu, na joto letu hili laharakisha. Kitunguu chapunguza hiyo shida, na ndimu nayo yasaidia, kamua kidogo tu. Kwao wengine huponda kidonge cha vitamini C wakatia, hasa wakipika cepelinai, yale madonge makubwa ya viazi yenye nyama ndani.

Sasa sikiliza hapa, kama utasahau yote usisahau hili. Rojo lako litie kwenye chujio la tui juu ya bakuli, libonyeze polepole maji yatoke, kisha hayo maji USIYAMWAGE. Yaache dakika tano mpaka kumi yatulie, halafu yamimine taratibu sana, chini utakuta tabaka jeupe limeganda, huo ni wanga wa kiazi. Ukwangue wote uurudishe kwenye viazi, ndo utie yai, unga na chumvi. Huo wanga ndo unaoshika blynai zisivunjike na ndo unaofanya kingo zikauke zikawa kama kimia, katikati pabaki laini. Watu wanamwaga maji yote na wanga wake, wakiona rojo halishikani waongeza unga kikombe kizima, mwisho wala unga wa ngano wenye harufu ya kiazi, na hilo kwa kweli laniuma.

Kuchoma ni rahisi. Kikaango kizito, mafuta yafunike chini kama nusu sentimita, yakipata moto tia kijiko kimoja kimoja ukisambaze kiwe chembamba, usivibananishe. Dakika tatu nne kila upande, moto wa kiasi, na usigeuze mpaka uone kingo zimekuwa hudhurungi. Zinaliwa papo hapo, anayepika anasimama jikoni na walaji wanapokea kwa zamu, zikikaa zinanywea.

Wao wala na krimu chachu iliyo baridi juu ya blynai moto, na wengine huongeza vipande vya mafuta ya nguruwe vilokaangwa na vitunguu, hivo sisi twaviacha. Mi nachukua mala, naitia kwenye kitambaa safi ining'inie usiku kucha ndani ya friji mpaka iwe nzito, nachanganya na malai kidogo na chumvi, na juu naweka vitunguu vya biriani. Wallahi vyakubaliana. Mamangu yeye ataka achari ya embe, nami simkatazi, ila namwomba ile ya kwanza aile na mala peke yake.

Na kama wataka kitu cha karibu zaidi na chetu, kuna žemaičių blynai, za upande wa magharibi wa nchi yao. Hizo viazi vyachemshwa, vyapondwa, vyatiwa nyama ya kusaga ndani kisha vyakaangwa. Mtu wa Amu akila hiyo atasema katlesi, na hatakuwa amekosea sana, ingawa wao hawana bizari na hawachovyi kwenye yai kama sisi.

Zikibaki, usizitie maikrowevu zitakuwa mpira. Weka tawa kavu kwenye moto mdogo, zipange bila mafuta, geuza mara moja, kingo zitakauka tena.