Nilivyoikabili kesi ya kunyamazishwa baada ya kuchapisha hati za siri za kaunti

Wenzangu wanaoendesha magazeti madogo ya mtandaoni huku Pwani huniuliza: ulifanyaje hadi ile kesi isikumalize? Naandika haya kwa ajili yao, na kwa yeyote mwenye bahasha mezani ambaye bado anajiuliza aichapishe au airudishe.

Bahasha yangu mimi ilikuwa na rasimu ya ripoti ya ukaguzi kuhusu mradi wa maji katika kaunti moja. Kila ukurasa ulikuwa na muhuri wa SIRI. Ndani yake mlikuwa na malipo aliyopewa mkandarasi kwa mabomba ambayo wakaguzi walipokwenda kuyatazama hawakuyaona, wala mtaro wake. Hatukukimbilia kuchapisha. Tulikwenda vijiji vyenyewe, tukakuta akina mama bado wananunua maji kwa mtungi kwa wenye mikokoteni. Tukaipigia simu kaunti, tukampigia mkandarasi, na kila simu tukaiandika daftarini: nani alipokea, saa ngapi, alijibu nini. Tena picha za hati zile hatukuziweka hadharani. Tulizichapa upya neno kwa neno, kwa sababu picha hubeba mambo mengi ambayo jicho haliyaoni, kuanzia alama za mashine ya kuchapishia hadi maandishi ya kalamu pembeni, na yoyote kati ya hayo yanatosha kumtia mtu mashakani ofisini kwake.

Barua ya madai ikafika kutoka kwa wakili wa mkandarasi. Ilitaka mambo manne: tuifute habari, tuombe radhi, tulipe fidia, na tumtaje aliyetupa hati. Hili la nne ndilo lililonionyesha nia yao. Mtu aliyechafuliwa jina anataka jina lake lisafishwe. Anayetaka kumjua mtoa habari anatafuta kitu kingine.

Tulijibu kwa adabu kwamba habari inabaki, na kwamba akiwa na risiti au picha za mabomba tutazichapisha mahali pale pale. Hakutuma. Alikwenda kortini kwa hati ya dharura, akapata zuio, yaani agizo la muda la kutuzuia tusichapishe, bila sisi kuitwa. Habari ikatolewa mtandaoni. Usiku ule simu yangu haikupumzika, na waliokuwa wakitupa matangazo wakaanza kusitasita mmoja mmoja.

Wakili aliyenisimamia ni mama mtu mzima ambaye ameingia korti za Mombasa tangu mimi niko shule. Nilipofika kwake nikiwa nimechanganyikiwa alinisukumia makaratasi ya mlalamishi akaniambia, “Mwanangu, haya usiyasome kama mwandishi. Yasome kama mtu anayeuziwa shamba.” Tukakaa, tukayasoma aya kwa aya.

Aya ya 9 ilisema hati zile ni mali ya kaunti, ni za siri, na zimeibwa ofisini. Aya ya 14 ikasema hati zile ni za kughushi, zimetungwa ili kumharibia mlalamishi jina. Bi. Wakili akaweka kidole juu ya moja, kidole kingine juu ya nyingine, akanitazama. Katika hati ya madai mtu anaruhusiwa kutoa hoja mbadala: kama si hili, basi lile. Lakini bwana huyu alikuwa amekula kiapo kwamba yote mawili ni kweli. Kama hati ni za kughushi, basi hakuna siri iliyovuja. Kama ni siri ya kaunti iliyoibwa, basi ni hati za kweli. Na kama ni siri, si siri yake yeye. Ni ya kaunti, nayo kaunti haikuwa imefika kortini kudai chochote.

Hapo ndipo hofu yangu ilipopungua. Niliielewa kesi ile. Haikuandikwa ili ishinde. Iliandikwa ili nichoke, niishiwe pesa, nikose tarehe moja, kisha hukumu itolewe sipo. Kwa hiyo kazi yetu ikawa kutochoka na kutokosa tarehe.

Kanuni za mwenendo wa kesi za madai za mwaka 2010, agizo la 40, zinasema zuio lililotolewa bila upande wa pili kusikizwa lisizidi siku 14, na kuliongeza kuna masharti yake. Wengi hawalijui hili. Wakipata agizo hudhani limeshakuwa hukumu, wanakunja virago. Sisi tuliliheshimu kama lilivyo, hatukuchapisha kwa mlango wa nyuma, lakini majibu yetu yakaingia mapema pamoja na nakala za daftari la simu. Korti zetu zimeshikilia tangu zamani kwamba katika kesi ya kuchafuliwa jina zuio la namna hii litolewe pale tu ambapo kosa liko wazi kabisa. Tulipofika mbele ya jaji, swali lake la kwanza kwa wakili wa mlalamishi lilikuwa: mteja wako anasema ni za siri au ni za uongo? Wakili yule aliomba muda azungumze na mteja wake. Zuio halikuongezwa.

Bi. Wakili alikuwa ameniwekea faili la kesi za kwingine ili nitulie moyo. Iliyonikaa ni ya benki ya Julius Baer ya Uswisi dhidi ya WikiLeaks, tovuti inayochapisha hati za siri zilizovuja. Februari 2008 benki hiyo ilikwenda mahakama ya shirikisho huko San Francisco kwa sababu ya hati zilizohusu tawi lake la visiwa vya Cayman. Jaji Jeffrey White akaamuru kampuni iliyosajili anwani ya wikileaks.org iizime. Ikazimwa. Lakini tovuti yenyewe ilikuwa bado hewani kwa nambari yake na kwa nakala zilizokuwa nchi nyingine, na watu ambao hawakuwahi kusikia habari za hati hizo wakaanza kuzitafuta. Mashirika ya habari na ya haki za raia yakaingia kortini kupinga. Tarehe 29 Februari jaji aliliondoa agizo lake mwenyewe, na siku chache baadaye benki ikaiondoa kesi.

Mkenya ana sababu yake ya kuikumbuka tovuti ile. Mwaka mmoja tu kabla, mwaka 2007, ndiyo iliyotoa ripoti ya kampuni ya uchunguzi ya Kroll kuhusu mali ya umma iliyodaiwa kupelekwa ng'ambo, ripoti ambayo serikali yetu yenyewe iliiagiza kisha ikaifungia kabatini. Kama zuio la San Francisco lingesimama, na hiyo ingepotea kwenye anwani ile.

Jambo lililotusaidia kuliko yote, kwa maoni yangu, halikufanyika kortini. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inampa mwananchi haki ya kuomba hati kwa ofisi ya umma, na ofisi ijibu ndani ya siku 21. Tukaomba kaunti itupe ripoti ile ile. Kaunti ilinyamaza, tukalalamika kwa Tume ya Haki ya Utawala, inayosikiliza malalamiko dhidi ya ofisi za umma. Sasa kukawa na maandishi rasmi yanayoonyesha kwamba tuliifuata njia ya halali na mlango ukafungwa. Tena kifungu cha 16 cha sheria hiyo kinamlinda aliyetoa habari kwa maslahi ya umma asiadhibiwe kazini. Tulikitumia kifungu hicho mlalamishi alipoomba korti ituamuru tumtaje mtoa habari. Nilikuwa nimeshamwambia wakili wangu kwamba hilo silitendi, hata likinigharimu gazeti. Yeye naye hakunishinikiza. Ombi lile halikufika popote.

Baada ya hapo ikawa ni kutajwa na kuahirishwa, kutajwa na kuahirishwa. Mara wakili wao anaumwa, mara faili halionekani masjala. Kila tarehe ilikuwa na gharama yake, na ninawashukuru wasomaji waliochanga kidogo kidogo kwa simu, pamoja na mwenye nyumba aliyetuvumilia kodi. Nilimwachia kijana mmoja kazi ya kufuatilia tarehe tu, ili wengine waendelee kuandika habari. Kama ofisi nzima ingejishughulisha na kesi, mlalamishi angekuwa ameshapata alichokitaka bila hukumu.

Katiba, ibara ya 229, inamtaka Mkaguzi Mkuu atoe ripoti ndani ya miezi sita baada ya mwaka wa fedha kwisha, kisha iende bungeni au katika bunge la kaunti. Ripoti kamili ilipowasilishwa, suala la mabomba lilikuwemo, bila muhuri wa SIRI. Tukachapisha upya, safari hii na nambari ya ukurasa. Mlalamishi hakuhudhuria tena. Hakuomba radhi wala hakuiondoa kesi. Aliiacha ining'inie juu yetu. Ulipopita mwaka bila hatua yoyote, tuliomba itupiliwe mbali kwa kutoendelezwa, kama agizo la 17 linavyoruhusu, na korti ikakubali na kutupa gharama.

Hilo la kuining'iniza ndilo linaloniuma hadi leo. Afrika Kusini, mahakama yao ya katiba ilitamka mwaka 2022, katika kesi ya kampuni za madini dhidi ya wanaharakati wa mazingira, kwamba mshtakiwa anaweza kujitetea kwa kuonyesha kwamba kesi yenyewe ni ya kumnyamazisha. Kenya hatuna sheria mahsusi ya namna hiyo. Nimewaandikia wabunge wawili wa Pwani kuhusu jambo hili. Mmoja amejibu na kuomba nakala ya faili, nami nimempelekea.

Gharama tulizopewa hazijalipwa. Bi. Wakili ameshaandaa maombi ya kumkamatia mali mkandarasi yule.